Wimbo wa Kwanza Uliokuwa wa Pili

Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nieleze ugomvi mmoja uliozuka bwaloni, na habari nilizozipata nilipokuwa nikitafuta namna ya kuuamua.

Muhula uliopita, siku ya wageni, wavulana wa kidato cha kwanza walipanda jukwaani wakacheza ile ngoma ya farasi. Mchezaji hukutanisha mikono mbele ya kifua kama mtu aliyeshika hatamu, akaruka-ruka kana kwamba yu juu ya mnyama, kisha akazungusha mkono mmoja juu ya kichwa kama atakaye kumtupia ng'ombe kamba. Wimbo wake ni "Gangnam Style" wa Psy, mwimbaji wa Korea ya Kusini, nao ulitolewa tarehe 15 Julai 2012. Katika wale wachezaji wengine siku hiyo walikuwa hawajazaliwa, na waliokwisha kuzaliwa walikuwa wangali wakibebwa mgongoni. Walicheza bila kukosea hatua hata moja. Wazazi wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa nikigawa chai karibu na meza ya wanafunzi wa zamani. Mgeni mmoja akasema, "Wimbo huu ulikuwa wa kwanza duniani kote." Mwenzake akatikisa kichwa. "Hapana, bwana. Mimi nakumbuka sana. Marekani ulikuwa wa pili, na wa kwanza haukupata kuwa hata juma moja." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mmoja akanigeukia. "Wewe kijana, si ndiwe katibu wa muziki? Hebu tuamulie." Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye elimu kwamba jambo hilo linategemea. "Linategemea nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, nikaondoka na birika langu.

Wakati wa likizo nilipata kutumia kompyuta ya mjomba wangu, nikasoma kila nilichokipata juu ya habari hiyo. Sasa naweza kumjibu.

Kwanza juu ya mwimbaji mwenyewe. Jina lake ni Park Jae-sang, naye alizaliwa mjini Seoul tarehe 31 Desemba 1977. Hakuwa kijana mgeni wa muziki aliyeokota bahati njiani. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 2001, na wakuu wa nchi yake wakamtoza faini kwa ajili ya maneno yaliyokuwamo. Ya pili, mwaka wa 2002, ilikatazwa kuuzwa kwa vijana walio chini ya miaka 19 (kwa hiyo mimi ningeipata mwaka huu tu!). Kwao kila mwanamume mwenye afya hana budi kulitumikia taifa kwa muda, na yeye alitumika mara mbili, maana mara ya kwanza alipewa kazi katika kampuni ya kompyuta badala ya jeshi, serikali ikaona hakuifanya ipasavyo, akaitwa tena mwaka wa 2007 akawa askari mpaka 2009. Wimbo huu ulipotoka alikuwa na umri wa miaka 34, ana mke na watoto mapacha, mwili wake mnene kidogo, na katika Korea, nchi ya waimbaji vijana wembamba wenye sura za kupendeza, hapana aliyetazamia kwamba yeye ndiye atakayejulikana kuliko wote.

Gangnam maana yake ni kusini ya mto. Ni mtaa wa Seoul ulio kusini ya mto Han, mahali pa majumba ya bei, maduka ya fahari na madaktari wa kurekebisha nyuso. Wengi wanaosikia wimbo huu hufikiri kwamba unausifu mtaa huo. La, unawacheka wale wanaojifanya ni watu wa huko. Jambo hili laonekana katika video kuliko katika maneno. Mwanzo Psy amejilaza chini ya mwavuli akipata upepo, nawe wadhani yuko ufukweni mwa bahari kama tajiri. Kamera inaporudi nyuma waona kumbe ni mchanga wa kiwanja cha kuchezea watoto. Anatembea kwa maringo kati ya wasichana wawili kama mfalme, upepo ukivuma, nao upepo unawajaza takataka usoni. Anacheza ndani ya basi la matembezi lililojaa watu wa makamo, na katika zizi la farasi, na katika gereji ya magari. Karibu kila mahali amevaa suti safi na miwani myeusi. Kuna na sehemu moja chooni. Hiyo sisi hatukuionyeshwa, kwa sababu padre aliyesimamia burudani aliifunika kompyuta kwa kitabu cha nyimbo mpaka ikapita.

Katika wimbo huo limo neno moja, "oppa", ambalo Wazungu walitaabika sana kulieleza. Sisi halitutaabishi. Ni neno ambalo msichana humwita kaka yake mkubwa, tena humwita hivyo hata kijana asiye ndugu yake lakini amemzidi umri, na pengine mchumba wake. Sisi nasi tunasema "kaka" kwa mtu tusiyekuwa naye udugu wa damu. Psy anajiita hivyo mwenyewe, mwanamume mzima, na hapo ndipo Wakorea hucheka.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu. Huko Uingereza wimbo ulifika nafasi ya kwanza tarehe 30 Septemba 2012, nao ulikuwa wa kwanza wa Mkorea yeyote kufanya hivyo. Australia vilevile ulikuwa wa kwanza, na nchi nyingine nyingi. Huko Marekani, gazeti liitwalo Billboard hutoa kila juma orodha ya nyimbo mia, Hot 100. Wimbo wetu uliingia humo ukiwa wa 64, juma lililofuata ukawa wa 11, na lililofuata tena ukawa wa pili. Hapo ukasimama. Kwa majuma saba ulikaa katika nafasi ya pili, na mbele yake ulikuwapo wimbo "One More Night" wa kikundi cha Maroon 5. Kisha ukaanza kuteremka. Kwa hiyo wageni wetu wote wawili walisema kweli, na wangaliweza kunywa chai ingali moto.

Lakini kwa nini ulikwama? Watu walikuwa wakiununua kuliko ule uliokuwa mbele yake. Watazamaji katika YouTube walikuwa hawana mfano. Jibu ni kwamba orodha ile haikuwa ikihesabu kitu kimoja. Ilichanganya hesabu ya nyimbo zilizonunuliwa, na hesabu ya nyimbo zilizosikilizwa kwa njia fulani za kompyuta, na hesabu ya mara ambazo redio zimeupiga wimbo, kila redio kwa kadiri ya wasikilizaji wake. Redio za Marekani hazikuupiga wimbo wa Kikorea kama zilivyoupiga ule wa Kiingereza. Na waliotazama YouTube hawakuhesabiwa kabisa. Mtu angeutazama mara mia kwa juma moja, kwa Billboard ilikuwa kama amelala usingizi.

Habari hii ilinishangaza mpaka nikataka kujua ni nani aliyeanza kuhesabu nyimbo, na kwa kipimo gani. Orodha ya kwanza ya Uingereza ilitoka tarehe 14 Novemba 1952 katika gazeti la New Musical Express. Bwana mmoja wa gazeti hilo, Percy Dickins, alichukua simu akayapigia maduka kama 20 ya santuri, akauliza, "Zipi zimeuzika sana?" Akajumlisha. Wimbo wa Al Martino ukawa wa kwanza. Maduka kama 20, simu moja na kalamu, na nchi nzima ikapata habari kwamba huu ndio wimbo inaoupenda.

Hot 100 ya Marekani ilianza tarehe 4 Agosti 1958, na wimbo wa Ricky Nelson ukawa juu. Huko nako siku hizo redio ilikuwa na nguvu kubwa, na penye nguvu hapakosi mkono mtupu unaotaka kujazwa. Makampuni ya santuri yaliwapa watangazaji fedha kwa siri ili wapige nyimbo zao. Mwaka wa 1960 Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi, na mwaka huohuo sheria ikakataza malipo ya namna hiyo yasiyotangazwa kwa wasikilizaji.

Jambo lililonifundisha kuliko yote ni la mwaka wa 1991. Mpaka wakati huo Billboard iliwauliza wenye maduka ni santuri zipi zinazouzika, nao walijibu kwa kukumbuka. Kukumbuka kwa mwanadamu mnakujua. Mwuzaji husahau, au husema ile anayoipenda yeye, au ile ambayo kampuni imempelekea zawadi. Mwezi wa Mei mwaka ule gazeti likaanza kutumia mashine inayosoma ile mistari myeusi iliyo juu ya bidhaa kila inapolipiwa. Mara, kana kwamba pazia limevutwa, muziki wa mashamba wa Kimarekani na muziki wa rap wa vijana weusi ukapanda juu ya orodha. Mwezi wa Juni kikundi cha N.W.A kikawa na santuri ya kwanza Marekani nzima. Je, watu walianza kuipenda rap mwezi ule? Hasha. Walikuwa wakiinunua siku zote. Ila aliyekuwa akiulizwa hakuwa akiwataja.

Basi, na kwa Psy pia kipimo kilikuja kubadilika, lakini kwa kuchelewa. Mwezi wa Februari 2013 Billboard ilitangaza kwamba tangu hapo itawahesabu na watazamaji wa YouTube. Juma lilelile "Harlem Shake" wa Baauer, ambao watu wa kila mahali waliuchezea vichekesho vya nusu dakika, uliingia orodhani ukaketi moja kwa moja katika nafasi ya kwanza. Mlango ulifunguliwa, aliyekuwa amebisha hodi majuma saba alikuwa amekwisha kwenda zake. Wakorea walingoja mpaka 2020. Mwaka huo kikundi cha BTS kilikuwa cha kwanza kwa wimbo wa Kiingereza, na kabla ya mwaka kwisha wakawa wa kwanza tena kwa wimbo ambao sehemu yake kubwa ni Kikorea.

Lakini YouTube yenyewe ilikuwa ikihesabu. Tarehe 21 Desemba 2012 wimbo wa Psy ulifikisha watazamaji bilioni moja, nayo ikawa video ya kwanza duniani kufika hapo. Naomba msidhani ni watu bilioni moja. Ni mara bilioni moja, na mvulana mmoja anayejifunza hatua za farasi anaweza kuwa mara 40. Hata hivyo nadhani hesabu hiyo ina haki kuliko ile ya ununuzi. Mtu akinunua wimbo mara moja huhesabiwa mara moja, hata akiusikiliza miaka kumi, au asiusikilize tena kamwe. Na asiye na fedha ya kununua hahesabiwi daima.

Hapa nitakaa kidogo, kwa ajili ya wenzangu wapendao hesabu. Mwaka wa 2014 wimbo huu uliishinda kalamu ya mhesabuji. Ninyi mnajua kipimo cha maili katika gari kuukuu, kilicho na magurudumu matano ya tarakimu. Kikifika 99,999 hakina pa kwenda, hurudi 00,000. Kompyuta nayo huhesabu kwa vidude vidogo, kila kimoja kina hali mbili tu, kuwaka au kuzimika. YouTube iliitengea kila video vidude 32. Kimoja ni cha kuonyesha kwamba namba ni zaidi ya sifuri au ni pungufu, vikabaki 31. Chukua 2, uizidishe kwa 2, na tena, mpaka upate mbili 31 zilizozidishana, kisha utoe moja. Jibu ni 2,147,483,647. (Nililifanya kwa mkono wakati wa prepu, nikakosea mara mbili.) Hapo ndipo mwisho wa magurudumu. Waliojenga mashine ile hawakufikiri kwamba wimbo wowote utafika huko, na ungezidi hapo, hesabu ingeweza kuruka ikawa pungufu ya sifuri, kana kwamba watu wameanza kuutazama kinyumenyume. Mafundi waliona hatari mapema wakaongeza vidude vikawa 64, na mwezi wa Desemba 2014 wakaitangaza habari hiyo kwa mzaha. Mwisho mpya ni 9,223,372,036,854,775,807. Sijui kuisoma namba hiyo kwa Kiswahili, na mwalimu wa hesabu aliniambia nisimsumbue.

"Gangnam Style" ulikuwa juu ya video zote mpaka Julai 2017, ulipopitwa na "See You Again" wa Wiz Khalifa, nao baada ya majuma machache ukapitwa na "Despacito". Tangu Novemba 2020 aliye juu ni yule papa mtoto wa nyimbo za watoto wadogo, naye pia ametoka Korea.

Na sisi huku Afrika ya Mashariki? Tumehesabiwa wapi? Mwaka wa 2014 Eddy Kenzo wa hapa Uganda alitoa "Sitya Loss", kwa Luganda, na watoto wa Kampala wakaucheza katika video mpaka mabara ya mbali wakawaiga. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya BET huko Marekani, tuzo iliyopigiwa kura na watazamaji. Mwaka wa 2017 French Montana alikuja Kampala kupiga picha za "Unforgettable", akawatia watoto haohao wa Ghetto Kids. Wimbo huo ulifika nafasi ya tatu ya Hot 100. Ukiutazama utaona ni miguu ya nani iliyoupandisha, ila orodha haina safu ya miguu. Majina yaliyoandikwa ni French Montana na Swae Lee. Naye Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, Dar es Salaam, mwaka wa 2020 video zake kwa jumla zilipita mara bilioni moja, na nyingi ya nyimbo hizo ni za Kiswahili. Wenzangu wanaosema kwamba asiyeimba Kiingereza hafiki popote, wanijibu hapo.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa hapo ningetoka na sifa. Lakini ninayo orodha yangu mwenyewe.

Kila Ijumaa, kwa mwaka mzima, mimi nimebandika ubaoni karibu na bwalo karatasi yenye nyimbo kumi zinazopendwa shuleni. Watu huisoma, na siku ya burudani nyimbo hupigwa kwa kuifuata. Hapana aliyepata kuniuliza naitengenezaje. Naitengeneza hivi: jioni ya Alhamisi hupita bweni la wakubwa nikauliza vitanda 20 au 30, nikarudi kitandani kwangu nikajumlisha. Nilipomsoma Bwana Dickins na maduka yake 20 nilicheka kwanza, halafu kicheko kikanikwama kooni.

Tulipofungua shule nilimwita mmoja wa wale wacheza farasi wa kidato cha kwanza, nikamwuliza, "Wimbo ule mnaupenda hivyo, mbona hamkuniambia hata siku moja?"

Akainama. "Kaka, hukutuuliza."

Juma lile niliweka boksi tupu la sabuni kwenye mlango wa bwalo, lenye tundu juu, na vipande vya karatasi kando. Wimbo ambao nilikuwa nimeuandika wa kwanza kwa majuma matano ukashuka mpaka wa tisa. "Sitya Loss" ukawa wa kwanza, ambao katika orodha zangu zote haukuonekana. "Gangnam Style" ukawa wa nne. Palikuwapo pia karatasi kumi na moja za mwandiko mmoja, zote zikitaja wimbo mmoja wa kijana mmoja wa kidato cha nne anayejirekodi kwa simu ya kaka yake. Nimemwita nikamrudishia karatasi kumi.

Rafiki zangu wa bweni la wakubwa hawakufurahi. Wawili walisema boksi limeharibu muziki wa shule, kwamba watoto hawajui nyimbo. Nimewajibu kwamba mwaka ujao hatutakuwapo, na watoto watakuwapo.

Bado kuna wanafunzi wa kutwa. Hao hutoka saa kumi na moja, hawali chakula cha jioni nasi, na boksi la bwaloni hawalioni. Juma lijalo mlinzi wa lango amekubali kulikaa nalo mezani pake tangu saa kumi mpaka watakapokwisha kupita. Aliniuliza kama na yeye anaruhusiwa kutia karatasi. Nikamwambia ndiyo.